Nguzo Isiyofungwa: Kuisoma Fani ya Parthenon Mbele ya Tetemeko

Nguzo za Parthenon hazikujengwa kwa chokaa. Hazina saruji, na ndani ya shina la nguzo hamna nondo wala kipande chochote cha chuma kinacholifunga pande moja la jiwe kwa jingine. Kila nguzo ya nje ina kimo cha mita 10.4 hivi, nayo ni mapande 10 hadi 12 ya marumaru yaliyokalishwa moja juu ya jingine. Kinachoyaweka pamoja ni uzito wake na jinsi nyuso zake zinavyolingana. Mtu akiisikia habari hii kwa mara ya kwanza, kisha akaambiwa kwamba hekalu hilo limesimama juu ya kilima cha Akropoli mjini Athens tangu karne ya 5 kabla ya Kristo, katika nchi inayotikiswa na ardhi kuliko karibu nchi zote za Ulaya, huingiwa na hofu. Baada ya hofu huja hamu ya kusaidia: tuzifunge, tuzikaze, tuzitie chuma.

Hamu hiyo nimeihesabu kuwa usomaji mbaya, na hapa nitaeleza kwa nini. Hatari ya tetemeko kwa jengo la kale imo kwenye fani yake kabla ya kuwa kwenye ardhi. Tathmini isiyoanza kwa kuisoma fani hiyo kiungo kwa kiungo huishia kulihukumu jengo jingine, lile lililo kichwani mwa mtathmini. Nimeichagua Parthenon kwa sababu imewahi kusomwa vibaya na imewahi kusomwa vizuri, na alama za masomo yote mawili ziko kwenye jiwe, wazi kwa mwenye macho.

Hekalu lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo. Wasanifu wake wanaotajwa ni Iktinos na Kallikrates, na Pheidias ndiye aliyesimamia sanaa yake. Marumaru ilichimbwa mlima Pentelikon, kilomita 16 hivi kutoka mjini. Nguzo za nje ni 46: upande wa mbele na wa nyuma una nguzo 8, na kila ubavu una 17, ukizihesabu zile za pembe katika pande zote mbili. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anasema Iktinos aliandika kitabu kuhusu hekalu hili akiwa pamoja na mtu aitwaye Karpion. Kitabu hicho kimepotea. Basi mhakiki hana maelezo ya mtunzi ya kumwelekeza, ana kazi yenyewe tu. Kwa mada yetu hiyo si hasara kubwa, kwa maana tetemeko halimuulizi mjenzi alikusudia nini. Linauliza jiwe linafanya nini.

Tuutazame uso wa pande moja, ule unaofichika mapande yakishakaliana. Ukingo wake wa nje umesuguliwa ukawa laini kabisa, na sehemu ya ndani imeachwa na mikwaruzo midogo, chini kidogo ya ukingo. Katikati kuna tundu la mraba. Ndani ya tundu kiliingizwa kizibo cha mbao, na ndani ya kizibo kikapita kijiti, nacho cha mbao, kilichoingia nusu kwenye pande la chini na nusu kwenye pande la juu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwezesha fundi kuliweka pande jipya katikati sawasawa. Baadhi ya vizibo hivyo vimekutwa vikiwa vizima baada ya miaka zaidi ya 2,400, kwa kuwa marumaru ilikuwa imekaliana hata unyevu haukupata njia.

Ni mbao, si chuma. Na wajenzi wale walikuwa na chuma, tena walikijua vizuri. Kwenye kuta na kwenye boriti za mawe zilizo juu ya nguzo walitumia vibanio vya chuma, wakavizungushia risasi iliyoyeyushwa. Risasi ilikizuia chuma kisiguswe na maji. Kwa ulaini wake, ilipokea pia sehemu ya mshtuko kabla haujafika kwenye marumaru. Lakini kwenye shina la nguzo hawakutia kibanio hata kimoja. Mhakiki wa fasihi hufundishwa kusimama mahali kama hapa. Panapokosekana kitu ambacho mtunzi alikuwa nacho na alijua kukitumia, ukosefu huo nao ni sehemu ya fani, na unadai kusomwa.

Ardhi inapotikisika, jengo la zege lenye nondo hupinda kwa ujumla wake, na huwa na mdundo wake maalumu. Likitikiswa kwa mdundo huohuo, kuyumba kwake hukua mpaka kitu kikatike. Mnazi nao hupinda, kwa kuwa una mizizi na nyuzi. Nguzo ya mapande haina mizizi na haipindi. Inachofanya ni kuinuka upande mmoja wa kitako chake, kurudi, kugonga, kisha kuinuka upande wa pili. Mara huyumba nguzo nzima kana kwamba ni jiwe moja. Mara hugawanyika mahali pawili au patatu, kila fungu la mapande likaenda kivyake. Mara pande moja huteleza kidogo na kubaki palepale lilipofika. Kila linapogonga na kila linapoteleza, sehemu ya nguvu iliyoingia kutoka ardhini hupotea. Kuna jambo jingine zuri zaidi: kadiri nguzo inavyoyumba kwa upana ndivyo inavyochukua muda mrefu kurudi, kwa hiyo mdundo wake hautulii mahali pamoja ambapo ardhi ingeweza kuudaka na kuukuza. Kile kiungo kilichotutia hofu mwanzoni ndicho kinacholila tetemeko.

Sasa tazama jinsi hesabu ya haraka inavyoweza kumpoteza msomaji. Kitako cha nguzo kina kipenyo cha mita 1.9 hivi. Ukigawanya kipenyo hicho kwa kimo unapata 0.18. Maana yake, kwa makadirio, ni kwamba mchapuko wa ardhi wa kwenda ubavuni ukifika asilimia 18 ya mchapuko wa mvutano wa dunia, nguzo iliyosimama peke yake huanza kuinuka. Ugiriki imepata matetemeko mengi yaliyozidi kiasi hicho karibu na chanzo chake. Mtathmini aliyezoea nyumba atakomea hapo, aandike kwamba nguzo haiko salama, apendekeze ikazwe.

Lakini kuanza kuinuka si kuanguka, na kosa hili lilifichuliwa miaka mingi iliyopita. Mwaka 1963 mhandisi George Housner alichapisha utafiti kuhusu vitu virefu vinavyosimama bila kufungwa. Kilichomchochea ni tetemeko la Chile la Mei 1960, ambapo matangi ya maji marefu na membamba yalibaki wima huku majengo yaliyoonekana imara zaidi yakiharibika vibaya. Housner alionyesha kwamba baina ya vitu viwili vya umbo lilelile, kimoja kikubwa na kingine kidogo, kile kikubwa ndicho kigumu zaidi kuangusha. Uwiano wa kimo na upana hausemi yote, ukubwa wenyewe una neno lake. Isitoshe, mchapuko mkali wa muda mfupi sana huweza kuiinua nguzo kubwa na kuiacha ikirudi salama, ilhali msukumo wa taratibu, wenye mchapuko mdogo lakini unaodumu, huweza kuisindikiza mpaka ikapinduka. Kwa hiyo swali la kwanza la tathmini halipaswi kuwa ardhi itatikisika kwa ukali gani tu. Linapaswa kuwa itatikisika kwa mwendo gani, na nguzo ni kubwa kiasi gani.

Hapa Parthenon ina bahati ya mahali. Akropoli ni mwamba wa chokaa, na mwamba mgumu kwa kawaida hauikuzi mitikisiko ya polepole kama udongo laini wa mabondeni unavyofanya. Ugiriki yenyewe haina amani chini yake. Bamba la Afrika linazama chini ya Aegean kusini mwa Krete, na nchi nzima imepasuka nyufa zinazoendelea kusogea. Lakini Athens haikai juu ya ufa mkubwa kabisa miongoni mwa hizo. Tetemeko la 24 Februari 1981, lililotokea kwenye Ghuba ya Korintho, lilikuwa na ukubwa wa 6.7, nalo lilileta madhara kwenye upande wa mashariki wa hekalu. Lile la 7 Septemba 1999, lenye ukubwa wa karibu 6, lilitokea karibu zaidi, chini ya mlima Parnitha. Liliua watu 143, na waliofia chini ya vifusi walikuwa katika majengo ya karne ya 20, mengi yakiwa ya zege. Vitongoji vilivyoumia zaidi vilikuwa karibu na chanzo kuliko Akropoli, kwa hiyo si haki kuyaweka hekalu na majengo hayo kwenye mizani moja. Ninachotaka kionekane ni kidogo kuliko hapo: jengo lisilofungwa lilitikiswa na likabaki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Ufundi cha Athens walifanya ambalo mhakiki yeyote angetamani kufanya: walilifanya andiko lisemwe kwa sauti. Walichonga kwa marumaru mfano wa nguzo ya Parthenon wenye thuluthi moja ya ukubwa halisi, wakauweka juu ya meza ya kutikisa, wakauchezesha kwa mitikisiko iliyorekodiwa katika matetemeko ya kweli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002, baada ya miaka ya hesabu zilizoongozwa na Ioannis Psycharis na wenzake. Mfano ule ulistahimili mengi. Lililonishika zaidi ni kwamba majaribio mawili yanayofanana hayakutoa majibu yanayofanana. Tofauti ndogo sana ya umbo au ya mtikisiko, ambayo mkono hauwezi kuizuia, ilitosha kuipeleka nguzo njia nyingine. Pande lililobaki mahali pake jaribio la kwanza liliweza kuteleza jaribio la pili.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuhusu fani ya pili tunayopaswa kuihakiki, nayo ni fani ya ripoti ya hatari. Ripoti nyingi za namna hiyo huishia kwenye neno moja au tarakimu moja: salama, si salama, jengo lina alama kadhaa kati ya 10, jedwali lenye rangi nyekundu na kijani. Fani hiyo imeazimwa kutoka kwenye nyumba za kuishi, na huko ina faida, kwa sababu mwenye nyumba anataka kujua kama alale ndani leo. Kwa nguzo ya mapande, tarakimu moja ni uongo wa kifani hata kama kila hesabu iliyoizaa ni sahihi. Kitu ambacho hakijirudii hakiwezi kuelezwa kwa jibu moja, kinaelezwa kwa wingi wa majibu na uwezekano wa kila moja. Psycharis na wenzake waliielewa haja hiyo. Katika kazi zao za baadaye wameitikisa nguzo kwenye kompyuta kwa mamia ya mitikisiko, wakapima mambo mawili. La kwanza ni umbali ambao taji la nguzo linasogea wakati wa kuyumba, ukilinganishwa na kipenyo cha kitako. La pili ni kiasi ambacho mapande yamehamana mtikisiko ukishakoma. Vipimo hivi viwili ni vya haki kwa sababu vinatoka ndani ya fani yenyewe. Cha kwanza kinauliza nguzo ilikaribia kuanguka kiasi gani, na cha pili kinauliza imebakiza nini kwa ajili ya tetemeko lijalo.

Hilo la pili ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Pande lililoteleza halirudi lenyewe. Hubaki limetoka nje kidogo, uso wa kukaliana umepungua, na tetemeko la baadaye linaikuta nguzo nyingine, si ile ya Iktinos. Kila mtikisiko huandika juu ya ule uliotangulia. Ukiongeza mapengo yaliyotokana na mizinga, moto na miaka, unapata nguzo ambazo zina jina moja na kimo kimoja lakini hazina hatari moja. Kwa sababu hiyo siamini tathmini yoyote inayozungumzia nguzo ya Parthenon kana kwamba kuna moja tu. Ziko nyingi, na kila moja ina majeraha yake.

Jeraha kubwa kuliko yote halikuletwa na ardhi. Tarehe 26 Septemba 1687, jeshi la Venice chini ya Francesco Morosini likiizingira Akropoli, kombora liliangukia hekalu ambalo Waturuki walikuwa wamehifadhia baruti. Mlipuko uliangusha paa, kuta za ndani, na nguzo kadhaa za katikati ya ubavu wa kaskazini na wa kusini. Watu huuhesabu uharibifu huo kwa vitu vilivyopotea. Anayesoma fani huuhesabu pia kwa kilichotengana. Mpaka siku ile, safu ya nguzo ilikuwa imeshikana juu kwa boriti za mawe, na boriti hizo zimekaa tu juu ya mataji bila kufungwa nayo. Baada ya siku ile, safu zilikatika katikati, zikabaki na ncha zisizoegemea popote.

Ili kuona hasara hiyo, tusaidiwe na utafiti wa Nicos Makris na Michalis Vassiliou wa mwaka 2013. Waliuliza swali linaloonekana rahisi: je, boriti nzito iliyolazwa juu ya safu ya nguzo huziongezea nguzo hatari ya kuanguka? Akili ya kawaida hujibu ndiyo, kwani uzito mkubwa ukiwa juu kitu huelemewa. Hesabu yao ilijibu hapana. Safu ya nguzo zilizoachwa huru zikaweza kuinuka, na juu yake boriti iliyolazwa huru, ni thabiti kuliko nguzo moja iliyosimama peke yake, na boriti ikizidi uzito uthabiti huongezeka. Sharti ni hilo neno huru. Nguzo zote huinuka na kurudi pamoja, boriti ikisogea huku na huku bila kulala upande, na uzito wake unazirudisha chini. Nikiisoma safu ya Parthenon kwa mwanga huo, kile kilele kizito chenye boriti, nakshi na paa la marumaru, ambacho wapita njia wengi hukiona kama mzigo wa kifahari uliobebeshwa nguzo, kinakuwa sehemu ya ulinzi wake. Mlipuko wa 1687 uliziondolea nguzo zilizobaki sehemu ya ulinzi huo.

Lakini asije mtu akachukua jibu hilo na kulipeleka kila mahali. Uzito wa juu haulindi kwa asili yake, fani ndiyo inayoamua. Huko Assisi, Italia, tarehe 26 Septemba 1997, matetemeko mawili yalilipiga Kanisa la Mtakatifu Francis ndani ya saa chache tu. La kwanza lilikuja usiku. Asubuhi watu waliingia kanisa la juu kukagua madhara, na tetemeko la pili likaangusha sehemu za kuba pamoja na picha za ukutani za karne ya 13. Watu 4 walikufa, watawa 2 na wakaguzi 2. Giorgio Croci, mhandisi aliyeongoza uokoaji wa jengo hilo, alieleza kwamba sababu kubwa ilikuwa kifusi na vigae vilivyovunjika ambavyo kwa karne nyingi za ukarabati wa paa vilikuwa vimerundikana juu ya mabega ya kuba, mahali ambapo aliye chini hawezi kuona. Kifusi kile hakikushikana na kuba. Kuba liliposogea, kifusi kiliteremka kujaza nafasi na kuligandamiza lisiweze kurudi. Kwa hiyo uzito wa juu uliokuwa huru kusogea pamoja na nguzo uliokoa huko Athens, na uzito wa juu uliokuwa huru kumwagika uliua huko Assisi. Mtathmini anayejaza fomu yenye mstari mmoja wa uzito wa juu, akitia alama ya ndiyo kwa majengo yote mawili, amepata data na hajasoma kitu.

Nimefika kwenye usomaji mbaya niliouahidi. Mwaka 1894 matetemeko ya mwezi Aprili, yaliyotokea eneo la Atalanti kaskazini mwa Athens, yaliangusha vipande vya marumaru kutoka Parthenon. Nchi ilishtuka, kamati ikaundwa, na kazi ya ukarabati akapewa mhandisi Nikolaos Balanos. Alifanya kazi kwenye hekalu hili kati ya 1898 na 1902, kisha tena kati ya 1922 na 1933, alipozisimamisha upya nguzo za ubavu wa kaskazini zilizoangushwa mwaka 1687. Safu ile ilipokamilika ilikuwa nzuri, na watu waliipenda. Picha nyingi za hekalu walizoziona babu zetu vitabuni ni za Parthenon ya Balanos.

Alichokifanya ndani ya jiwe ni habari nyingine. Aliingiza vibanio na fito za chuma kwa wingi, na hakuvizungushia risasi kama wajenzi wa kale walivyofanya. Alikata mawe ya kale yapate kulingana na kazi yake. Aliyaweka mengi mahali palipomfaa bila kutafuta mahali pake pa asili. Mapengo ya mapande akayaziba kwa saruji. Sidhani alikuwa mtu wa hila au mzembe. Alikuwa mhandisi wa zama zake, zama zilizokuwa zimeipenda nondo na kuamini kwamba kitu kilichofungwa zaidi ni salama zaidi. Aliliona hekalu kama jengo la kisasa lililokosa chuma, akalipa kile alichodhani limekosa.

Maji yaliingia, chuma kikaota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya marumaru hakukuwa na nafasi ya kutanuka, kwa hiyo marumaru ilipasuka. Mawe yaliyokuwa yamevuka mizinga, moto na matetemeko yalipasuliwa kutoka ndani na dawa yake. Naliandika hili kwa uchungu. Matetemeko ya 1894 yaliangusha vipande. Hofu ya tetemeko lijalo ilipasua mawe ambayo tetemeko halikuyagusa. Nikiulizwa ni ipi kati ya hizo mbili imeligharimu hekalu zaidi katika miaka 130 iliyopita, nitajibu bila kusita kwamba ni hofu.

Mwenye kumtetea Balanos anaweza kusema kwamba kosa lake lilikuwa kutu tu, kwamba angetumia chuma kisichooza, kazi yake ingekuwa sahihi. Utetezi huu una nguvu, na unastahili jibu la kweli. Jibu liko katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Dimitrios Konstantinidis pamoja na Makris, uliochunguza nguzo za mapande na kuuliza nini hutokea vile vijiti vya mbao vikibadilishwa kwa viungo imara vya chuma. Waligundua kwamba viungo hivyo vigumu vinaweza kuwa na athari mbaya kwa uthabiti wa nguzo. Mbao hukubali pande liteleze kidogo, na katika kuteleza nguvu ya tetemeko hupungua. Chuma kigumu hukataa, na kinachokatazwa kwenye kiungo hujitafutia njia kwingine, ikiwemo kwenye marumaru yenyewe. Kwa hiyo kosa lilikuwa la usomaji hata kabla ya kutu. Balanos angekuwa na chuma kisichooza, angekuwa ameikosea fani kwa namna inayochelewa kuonekana.

Mwaka 1975 Ugiriki iliunda kamati ya kuhifadhi majengo ya Akropoli, na tangu miaka ya 1980 Parthenon imekuwa ikifunguliwa na kufungwa upya, jiwe kwa jiwe. Msanifu Manolis Korres alijitwika kazi ambayo naiona kuwa mojawapo ya masomo makini kuliko yote yaliyowahi kufanywa juu ya jengo lolote: kwa kufuata alama za vibanio vya kale, mikwaruzo, rangi na uchakavu wa kila jiwe, alitambua mahali pa asili pa mamia ya mawe yaliyotawanyika au yaliyowekwa pasipo pake. Chuma cha Balanos kimetolewa na nafasi yake imechukuliwa na titani, ambayo haioti kutu. Kilichonivutia zaidi kuliko titani yenyewe ni kanuni inayotawala matumizi yake. Viunganishi vipya hupimwa ili viwe dhaifu kuliko marumaru vinayoiunganisha. Msukumo ukizidi, kiunganishi ndicho kinyooke au kikatike, jiwe libaki. Kinachoweza kuchongwa tena kesho hujitoa kwa ajili ya kisichoweza. Kanuni hiyo imesoma fani ya kale na kuiendeleza, kwani ndiyo kazi ambayo risasi na mbao zilifanya tangu mwanzo.

Wapo wanaolalamikia vipande vipya vya marumaru, vyeupe mno karibu na jiwe la kale lililogeuka rangi ya asali, vinavyochimbwa Dionysos kwenye mlima uleule wa Pentelikon. Wanasema gofu lina heshima yake, liachwe na mapengo yake. Nawaelewa, lakini kwa mapande ya nguzo siungani nao. Pande lililomeguka nusu ya uso wake haligusani tena na jirani yake kwa ukamilifu, na nguzo ya namna hiyo ikiinuka hukanyaga kwenye ukingo uliopungua. Kipande kipya kinachorudisha uso wa kukaliana kinarudisha kazi ya kiungo. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 wa kuhifadhi majengo ya kale unaruhusu mawe yaliyotawanyika kurudishwa mahali pake na unataka kilichoongezwa kitambulike. Weupe ule ni unyofu, na miaka itaupunguza. Pale ambapo kipande kipya hakiongezi lolote kwenye kazi ya kiungo, kimewekwa kwa ajili ya macho tu, hapo nitakuwa upande wa walalamikaji.

Kuna jambo moja la msingi, kwa maana zote mbili za neno hilo, linalohitaji kutajwa. Hekalu halikai lote juu ya mwamba mtupu. Upande wa kusini, ambako kilima kinashuka, limejengwa juu ya jukwaa la mawe lililoandaliwa kwa ajili ya hekalu la awali ambalo halikukamilika, na jukwaa hilo linazama zaidi ya mita 10 chini. Nje yake kuna kifusi cha kale kilichozuiwa na ukuta wa ngome. Kwa hiyo miguu ya jengo moja inapokea tetemeko kwa njia mbili. Vipima-mtikisiko vilivyowekwa sehemu mbalimbali za kilima vinatoa nafasi ya kuzilinganisha, na tathmini isiyotumia rekodi hizo haina udhuru.

Kwa wenye dhamana ya majengo ya kale yaliyojengwa kwa mawe yasiyofungwa, popote yalipo, ombi langu ni la kazi. Msikubali ripoti inayotoa tarakimu moja bila kuonyesha upana wa majibu yaliyoizaa. Dai lenu la kwanza liwe orodha ya viungo, kila kiungo na hali yake, kabla ya orodha ya nguvu za mawe. Mtathmini atenganishe kuyumba na kuanguka, na aseme kila pande lililosogea linaliachia nini tetemeko lijalo. Na ripoti ikipendekeza kufunga kiungo ambacho wajenzi walikiacha wazi na kikadumu karne 24, ikataeni mpaka mwandishi wake awaonyeshe kwa majaribio kwamba kiungo hicho ndicho kitakachoiangusha nguzo.